Begi Lifungwe Kabla ya Adhuhuri

Wageni wakifika kwangu siku ya kwanza, kazi ni nyepesi. Wamechoka, wanataka maji ya kuoga, kitanda na neno la siri la intaneti. Siku za katikati zinajiendesha zenyewe. Kazi yenyewe iko siku ya kuondoka, hasa kwa wanaokuja wawili, mke na mume, kwa sababu siku hiyo ndiyo inayoamua watafika kwao wakisema nini kuhusu Bagamoyo. Na pengine wakisema nini wao kwa wao.

Nalaza wageni katika nyumba ya urithi hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, vyumba vichache, karibu na bahari kiasi kwamba upepo ukigeuka unasikia mnada wa samaki. Nimeona wachumba, wanandoa wapya na wazee wenye wajukuu. Watu hudhani wanandoa hugombana safarini kwa sababu ya joto au pesa. Wengi niliowaona mimi wamegombana asubuhi ya mwisho, kwenye chai, na chanzo ni kile kile: mmoja keshaondoka, mwenzake bado yupo. Huyu anasoma simu yake, anajibu ya kazini, anauliza hali ya hewa ya kwao. Yule anauliza pweza mzuri wanauza wapi. Wamekaa meza moja, siku zao mbalimbali.

Mwezi wa kwanza mwaka jana nilikuwa na wawili kutoka Uholanzi, watu wazima, wameoana zamani. Mume alikuwa mrefu, mtu wa daftari. Asubuhi ile alilifungua akanisomea ratiba: magofu ya Kaole, Misheni ya zamani ya Wakatoliki, kisha mashua mpaka fungu la mchanga la Mwambakuni, halafu vinyago, halafu uwanja wa ndege. Mke alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka kitambo. Akasema yeye leo anataka kukaa. Mume akamwambia watakaa kwenye ndege, saa nane nzima. Basi hapo maneno yakakatika, mandazi yakapoa.

Mimi siingilii ndoa ya mtu. Lakini saa ni biashara yangu, na ratiba ile ilikuwa haiwezekani hata kwa malaika. Nikamuuliza mume: katika hayo, ni lipi ukilikosa litakuuma? Akasema bahari. Nikachukua simu nikampigia nahodha mbele yao, nikaweka sauti wazi ili wasikie, ingawa mume hakuelewa, ila mkewe alikuwa amesoma Kiswahili kidogo.

"Nahodha, hali ya maji leo?"

"Bamvua hilo, dada. Maji yanatoka, saa nne na ushee yamekupwa kabisa. Fungu litakuwa limekaa juu, zuri."

"Na kurudi?"

"Kwenda nakuahidi. Kurudi ni Mungu na mashine."

Huyo ndiye nahodha ninayempenda. Wapo watakaokuambia hakuna shida, mama, ondoa wasiwasi, kisha saa tisa uko ufukweni unatazama nukta nyeusi isiyosogea. Pwani yetu haina kina. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo bamvua, maji yakitoka yanakwenda mbali sana, mashua inakaa kwenye tope, na mgeni atavuka tope lile kwa miguu, begi la kamera kichwani, au asubiri bahari irudi. Na bahari hairudi saa ile ile kila siku. Inachelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo aliyekwenda Mwambakuni Jumatatu akarudi vizuri saa saba hawezi kukupa ratiba ya Ijumaa. Mashua ni ya siku ya pili au ya tatu ya likizo. Siku ya ndege hapana, hata bahari iwe shwari.

Wanaopiga mbizi kwa mitungi ndio wa kuangaliwa zaidi. Hao huja kwangu wakitokea Unguja, na kila mara nawauliza mara ya mwisho walishuka majini lini. Mwili ulioshuka chini unabaki na hewa ya naitrojeni ndani, na ndegeni mgandamizo wa hewa unapungua, naitrojeni ile inaweza kutoa mapovu mwilini ikamdhuru. Vyama vya wapiga mbizi vinataka saa 18 angalau zipite kabla ya ndege kwa aliyeshuka mara kadhaa, na wengi hupendelea siku nzima. Kuogelea kwa miwani na bomba juu ya maji hakuna neno.

Basi Mwambakuni ikafutwa kwenye daftari, kwa kalamu, mistari miwili. Nikaona uso wa mume ulivyoanguka. Nikamwambia Misheni ni mwendo mfupi kwa miguu, aende peke yake sasa hivi kabla jua halijapanda, amwache mkewe kwenye baraza. Nilivyolisema hilo la peke yake wote wawili walinitazama kama nimetukana. Kumbe muda wote ule wa safari hawakuwahi kutengana hata saa moja! Akaenda. Mke akavua viatu akaweka miguu juu ya kiti cha pili, akaniomba chai nyingine, hii akainywa.

Alirudi anazungumza. Alikuwa amekaa kwenye mnara mdogo pale, ambapo mwili wa Livingstone uliwekwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na baadaye Uingereza. Kilichomshika hakikuwa Livingstone. Kilichomshika ni Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao, walioubeba mwili huo kutoka Chitambo, iliyoko Zambia ya leo, tangu mzee yule alipofariki Mei 1873. Miezi tisa kwa miguu. Mkewe akamuuliza maswali, akajibu, wakaanza kucheka kitu nisichokijua. Habari za jina la mji wetu na maana zake nawaachia waongozaji, wana matoleo yao na kila mmoja anaapa lake ndilo. Ninachojua ni kwamba mji huu umezoea wanaoondoka na mizigo.

Na mizigo ndiyo iliyofuata. Kwangu sheria ni moja: begi lifungwe kabla ya adhuhuri. Mgeni atapinga, atasema ndege ni usiku, kuna haraka gani. Lakini begi lisilofungwa linakaa rohoni. Hata akiwa ufukweni anawaza kama kinyago kitaingia.

Kinyago hakikuingia. Mume alikuwa amenunua cha mpingo, familia iliyopandana, kirefu kama mkono wangu hadi begani. Mpingo si mti wa mchezo, ukiutupa majini unazama. Shirika lao la ndege liliruhusu kilo 23 kwa begi moja. Mizani ya mgeni ilikuwa ile ndogo ya betri, na betri imekufa. Nikamchukua mume na begi lake, tukatoka mpaka soko la samaki.

Wakati ule mnada umekwisha, wamebaki wakaangaji na makarai yao, mafuta yanachemka, dagaa wanaruka. Pale kuna muuza jodari mwenye mizani ya kuning'iniza, ya mshale, yenye ndoana ya chuma iliyong'aa kwa miaka ya kushikwa. Nikamwambia kaka, nipimie hili. Akalitazama begi, akamtazama mzungu, akaita wenzake.

"Njooni muone, dada kaleta samaki hana mapezi!"

Wakalitundika. Mshale ukaruka, ukacheza, ukatulia kwenye 26 na kidogo. Jamaa akatangaza kwa sauti ya mnada, mmoja akajitolea kulinunua kwa bei ya kibua. Mume akapiga magoti pale pale sakafuni, kwenye magamba, akafungua zipu mbele ya watu wote. Akatoa viatu vya kupandia milima, akatoa kitabu kinene, akatoa mfuko wa makome.

Makome niliyashika mimi. Mengine yalikuwa ya kawaida, lakini kulikuwa na kipande cha tumbawe jeupe, zuri kweli, alikiokota. Nikamwambia hicho kibaki. Matumbawe magumu yamo katika mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, sawa na kombe wale wakubwa wa baharini, na gamba la kasa ndiyo usiliguse kabisa. Bila kibali unaweza kusimamishwa hapa Dar es Salaam, na ukipita hapa unaweza kusimamishwa kwao. Hakubisha. Alitembea mpaka maji yalipo, na kwa bamvua lile haikuwa karibu, akakirudisha.

Tukapima tena: 22 na nusu. Begi likawa linanuka jodari kidogo. Nikalipangusa kwa ndimu na maji ya moto tulipofika, na harufu ikapungua, sitasema iliisha.

Kuna jambo la matunda ambalo nimelisoma mwenyewe kwa sababu kila Januari linarudi. Wageni wakionja embe zetu wanataka kubeba. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2019, zinataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda linaloingia na msafiri, kwa hofu ya wadudu kama nzi wa matunda. Embe bila cheti itaishia kwenye pipa la forodha. Lakini yapo matano yaliyosamehewa: nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani. Doriani hapa hatuna habari nayo. Nanasi tunalo! Kiwangwa iko wilaya hii hii, na msimu ukikolea mananasi yake yanapangwa barabarani milima kwa milima. Kwa hiyo jibu langu kwa anayelilia embe ni kwamba ale hapa mpaka ashibe, abebe nanasi. Nyama na vitu vya maziwa pia haviingii Ulaya kwenye begi la mtu. Mke alinunua nanasi moja, halijaiva sana, akalifunga kwenye khanga akaliweka kwenye begi la mkononi.

Hesabu za pesa nazimaliza jana yake usiku, siku zote. Siku ya kuondoka mtandao utakatika, mashine ya kadi itasema subiri, na mgeni ataanza kutazama saa. Siku hizi bei zote ni kwa shilingi, maana tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, na hilo limenirahisishia, hakuna tena kubishana dola ya leo ni ngapi. Shilingi zinazowabakia nawaambia wabakize za maji na chakula cha uwanjani, nyingine wabadilishe au wazitumie hapa hapa. Huko kwao hakuna atakayezipokea.

Lipo moja dogo ambalo wageni hawalijui na linaumiza watu wangu. Mgeni anaacha vitu: mafuta ya jua nusu chupa, kandambili, fulana, wakati mwingine redio ndogo au miwani nzuri. Anaviweka kitandani akidhani atakayesafisha ataelewa. Binti anayesafisha hawezi kuelewa. Ataogopa. Akichukua, kesho ukija ujumbe kuwa miwani imesahaulika, yeye ndiye mwizi. Akiniletea, mimi naviweka kabatini miezi na miezi. Kabati langu hilo limejaa. Kwa hiyo nawaomba: ukiacha kitu, mwite, mpe mkononi, useme ni chako. Mke yule alimwita binti, akampa vile viatu vya mlima vya mumewe vilivyozidi uzito, kwa ajili ya kaka yake. Vilikuwa vikubwa sana. Kaka mtu akaviuza, na sioni kosa lake.

Chumba nacho. Hoteli nyingi zinataka chumba saa nne asubuhi, na ndege za Ulaya nyingi zinaondoka usiku. Kwa hiyo watu wawili wanakaa saa nane sebuleni na mabegi, jasho, hawana pa kuoga. Mimi kama hakuna anayeingia siku ile nawaachia chumba mpaka jioni kwa nusu ya bei. Watu husema napoteza. Sipotezi kitu. Aliyeoga na kulala mchana hagombani na dereva.

Wale wawili walilala. Saa nane mchana nyumba kimya, mapazia yanapepea. Walipoamka wakateremka ufukweni bila daftari. Waliona watu wanapaka mashua sifa, yale mafuta ya papa, wakala pweza kwa kijiti na pilipili, wakasalimiana na yule wa mizani aliyeliita begi lao samaki. Hawakwenda Kaole. Walirudi saa kumi na nusu, miguu imejaa mchanga, na begi lilikuwa mlangoni limeshafungwa. Sikuwaharakisha hata mara moja, maana hakukuwa na cha kuharakisha.

Sasa tiketi. Ndege yao ilikuwa saa sita na nusu usiku, na tiketi imeandikwa tarehe ya kesho. Hapa ndipo wengine wanapopotea. Anaona tarehe 18, anasema basi tarehe 18 nitashinda Bagamoyo niondoke usiku. Ndege inakuwa imeshafika Ulaya wakati yeye anakunywa chai kwangu. Wazee wetu wa pwani hawangekosea, kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, jua likizama siku mpya imeingia. Ndivyo navyowaeleza: jua la tarehe 17 likizama, wewe uko tarehe 18 tayari. Naangalia tiketi ya kila mgeni siku anayofika, kwa sababu hiyo tu.

Dereva ni mtoto wa dada yangu. Kutoka hapa mpaka uwanja wa Julius Nyerere ni kilomita sabini na kitu, na kilomita hazina maana yoyote. Njia ikiwa nyeupe ni saa mbili. Ikichafuka ni nne. Mapinga mpaka Bunju gari linakwenda, kuanzia Tegeta ndipo dunia inasimama, foleni na ujenzi wa barabara ya mwendokasi. Yeye hukatia Mwenge, anashika Sam Nujoma mpaka Ubungo, Mandela, Buguruni, anafika TAZARA anaingia barabara ya Nyerere. Shirika la ndege linataka saa tatu kabla. Mimi nataka wafike saa tatu usiku, kwa hiyo gari linawashwa saa kumi na moja jioni.

"Mama mdogo, saa kumi na moja mapema mno," ananiambia kila mara.

"Ukifika mapema utalala kwenye gari. Ukichelewa utalala kwangu na wageni wako."

Na namkumbusha ni Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa 2019, maana safari za ndani ni Jengo la Pili na mgeni aliyeshushwa pasipo pake saa hizo, na mabegi, hana hali.

Neno langu la mwisho kabla mlango wa gari haujafungwa ni dawa. Najua si la kimahaba. Ila likizo ikiisha, watu wanaacha vidonge vya malaria siku ile ile, kama vile mbu anabaki uwanja wa ndege. Vipo vya kila siku vinavyotakiwa kuendelea siku 7 baada ya kuondoka, na doksisaiklini ni wiki 4. Mbu wa usiku wa jana anaweza kukuamsha na homa baada ya wiki moja, au zaidi sana. Na daktari wa kule hawezi kuiwaza malaria kama hujamwambia ulikotoka. Nawaambia: homa yoyote, miezi hii mitatu ya mwanzo hasa, sentensi ya kwanza mbele ya daktari iwe nimetoka Tanzania. Na vidonge vikae begi la mkononi, visiende chini na mpingo.

Mke alivihamisha pale pale, kando ya nanasi.

Baada ya wiki mbili hivi akaniandikia. Mume alishikwa na homa kali, akaenda hospitali, akasema ile sentensi kabla hajakaa. Wakampima damu siku hiyo hiyo. Malaria haikuonekana, ilikuwa mafua ya baridi yao. Nanasi lilipita forodha bila kuulizwa. Begi, akasema, likiwa karibu na kipasha joto bado linanuka samaki, na mumewe hataki lioshwe. Wanataka kurudi mwakani, safari hii Mwambakuni iwe siku ya pili. Nimemjibu anitumie tarehe kabla hajanunua tiketi, niangalie maji kwanza.